Sahihi Kabla ya Picha

Siku ya kwanza alikabidhiwa ndoo. Haikuwa ndoo mbaya. Ilikuwa ya plastiki nzito, na ndani yake mlikuwa na brashi arobaini na tatu zilizokauka rangi za juma zima. Dada Mkubwa, ambaye ni dada wa mwenye studio na ndiye anayeshika funguo, simu na wageni, alimwambia kwa upole kwamba sanaa huanza na usafi. Cherehani aliona maneno hayo yana busara. Akakaa kwenye kigoda karibu na bomba la uani, akaziosha moja moja, akazipanga juu ya gazeti kwa ukubwa, nywele zote zikiangalia upande mmoja. Mwezi wa tatu alikuwa bado anaziosha, na yale maneno yalikuwa yamepungua busara kidogo.

Jina la Cherehani hakuja nalo. Alibandikwa palepale studio walipojua kwamba kabla ya kuingia chuo cha sanaa, tena akiwa mtu mzima wa miaka ishirini na saba, alikuwa ameshona nguo miaka minane katika duka la mama yake. Aliyembandika ni Kaka Gundi, mwanagenzi mwenzake, aliyekuja kwa mafunzo ya miezi mitatu na sasa alikuwa na mwaka wa nne. Gundi ya fremu ilikuwa haimtoki kwenye kucha, na yeye mwenyewe hakutoka pale.

"Mimi si mwanagenzi tena, dada," alimwambia. "Mimi ni fanicha."

Studio yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vioo. Chumba cha mbele kilikuwa na kochi, zulia na picha nne kubwa, na ndicho walichokiona wageni. Cha nyuma kilikuwa na kila kitu kingine: mbao, misumari midogo, madebe ya rangi nyeupe ya msingi, matambara, harufu ya tapentaini, na dirisha moja ambalo halikufunguka kwa sababu lilipakwa rangi likiwa limefungwa.

Mwenye studio aliitwa Gwiji. Magazeti ndiyo yaliyomwita hivyo zamani, na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: zamani hizo alistahili. Kwenye chumba cha mbele ilining'inia picha yake ya miaka thelathini iliyopita, ya mtu aliyeegemea mlango akingoja kuambiwa aingie. Mwanga ulikuwa umemwangukia shingoni tu, na shingo ile ilisema yote. Cherehani alisimama mbele yake kila asubuhi kabla ya kuchukua ndoo. Ndiyo iliyomfanya achague studio hii akaacha nyingine mbili.

Utaratibu wa kazi aliuona Jumatatu ya kwanza, na mwanzoni alidhani macho yanamdanganya. Baada ya chai Kaka Gundi alipanga ukutani turubai kumi na moja, nyeupe, zimekauka vizuri, hazina hata alama. Gwiji akaja na brashi nyembamba na kikopo cha rangi nyeusi. Akainama mbele ya ile ya kwanza, akatia sahihi yake kwenye pembe ya kulia, chini. Ilikuwa sahihi nzuri, yenye mkia mrefu kama wa kishada. Akaenda ya pili, ya tatu, hadi ya kumi na moja. Kisha akanawa mikono, akarudi chumba cha mbele.

Cherehani aliuliza kwa sauti ya chini bosi anasaini nini.

"Picha," alisema Kaka Gundi.

"Picha iko wapi?"

"Inakuja. Wewe ndiye unayeileta."

Ikawa hivyo. Mwanagenzi mmoja alipaka anga, mwingine ardhi, na Cherehani akapewa nguo, kwa kuwa alijua kitambaa kinavyolala begani na kinavyokatika kiunoni. Walikuwa wakichora wanawake watatu waliosimama, wasio na nyuso, wiki baada ya wiki, kwa ajili ya kumbi za hoteli na ofisi. Sababu ya sahihi kutangulia aliigundua mwenyewe baada ya muda, bila kuambiwa. Asubuhi mkono wa Gwiji ulikuwa imara. Ikifika saa sita ulianza kutetemeka, na mchana hakushika kikombe mbele ya watu. Cherehani alimhurumia. Akajiambia kwamba hata kwenye ushonaji anayekata si lazima awe anayeshona, na lebo ni moja. Lakini hapo alikwama kila alipofika. Dukani kwa mama yake lebo ilishonwa mwisho, nguo ikishapigwa pasi, mteja akishaivaa na kujigeuza mbele ya kioo. Hakuwahi kuona lebo ikingoja nguo.

Jambo jingine lilikuwa mikono. Wanawake wa Gwiji hawakuwa na mikono. Daima ilikuwa imefichwa ndani ya nguo. Kijitabu cha chumba cha mbele kilieleza kwamba mikono iliyofichwa ni ukimya wa mwanamke. Kaka Gundi alieleza kwamba mikono ni migumu kuchora. Wiki ya pili Cherehani, akifuata mkunjo wa kanzu, alijikuta amemchorea mmoja wao mkono, kwa sababu mkunjo ule haukuwa na maana bila mkono wa kuushika. Gwiji alikuja, akautazama muda mrefu, akasema neno moja: "Funika." Akaufunika. Siku hiyo ndiyo ya kwanza kuosha brashi huku meno yameumana.

Chuo kilikuwa kimempa daftari la kijani. Ukurasa wa kumi na mbili uliandikwa: Kazi moja ya mkono wa mwanagenzi mwenyewe, ithibitishwe kwa sahihi ya msimamizi. Asiyejaza ukurasa huo anarudia mwaka. Cherehani hakuwa na mwaka wa kurudia. Mama yake alikuwa anashona peke yake kwa mwaka wa pili sasa, macho yake yakififia, na kila jioni alikuwa akisema maneno yaleyale, "Maliza tu, mwanangu, mimi nipo," kwa sauti ya mtu anayebana pini kwa midomo.

Alipomwonyesha Gwiji ukurasa huo, Gwiji hakukataa. Alisema achukue turubai stoo, achore saa ya chakula. Tatizo ni kwamba stoo haikuwa na turubai isiyo na jina. Cherehani alichagua moja, akaigeuza, ile sahihi ikawa juu kushoto, inaning'inia kichwa chini kama popo. Alipanga kuifunika kwa rangi ya kahawia ya ukuta. Lakini alikuwa mtu asiyekata kitambaa cha mwenzake bila kuuliza. Akaenda kuomba ruhusa ya kulifuta jina. Gwiji alikuwa kwenye simu, akainua kiganja. Akaenda mara ya pili, akajibiwa, "Tutaona." Basi akapaka picha nzima, akaacha kipande cha upana wa vidole viwili kulizunguka jina, akingoja ruhusa.

"Lifute, dada," alisema Kaka Gundi. "Hapa ukingoja ruhusa utaota mvi."

Hakulifuta. Hilo lilikuwa kosa lake, na baadaye alilikiri kwa kila aliyemuuliza.

Alimchora mama yake, yaani mikono yake tu, ikitoka ukingo wa chini wa picha: ule wa kulia umeinua sindano, ule wa kushoto umetoka tu kuitunga, na uzi mwekundu ukining'inia kutoka tundu la sindano hadi chini. Jumapili alikaa naye nyumbani akamchora kwenye karatasi, siku za kazi akahamishia kwenye turubai. Hakuacha kitu. Aliweka hata ukucha wa kidole cha shahada uliopasuka katikati, ambamo sindano ya cherehani ilipita mama akiwa na mimba yake. Wiki sita za saa za chakula zilikwenda humo.

Siku moja alisikia mtu anapumua nyuma yake. Alikuwa Gwiji.

"Mikono ulifundishwa na nani?"

"Na mama."

"Mchoraji?"

"Fundi nguo, mzee."

Gwiji alitikisa kichwa polepole, kama anayekubali, akaenda zake. Cherehani aliishi kwa kutikisa kichwa kule wiki nzima.

Kisha akaomba ruhusa ya siku mbili ampeleke mama hospitali ya macho. Aliporudi siku ya Alhamisi, alikuta kiegemeo cha picha kitupu. Kaka Gundi alikuwa anapiga msumari ambao haukuhitaji kupigwa.

"Iko wapi?"

"Mbele," alisema. "Dada, nilitaka kukupigia simu."

Ilikuwa imeegemezwa kwenye kochi, imeshatiwa fremu, imefungwa waya wa kuning'inizia. Na ilikuwa kichwa chini. Mikono ya mama yake ilining'inia kutoka juu kama mizizi iliyong'olewa, uzi ukapanda kutoka kwenye sindano kama moshi, na pale chini kulia, imekaa vizuri kabisa, ilikuwa sahihi yenye mkia wa kishada. Kijikaratasi kilichobandikwa kando kilisema: Mizizi ya Anga. Dada Mkubwa ndiye aliyeipa jina. Alieleza kwa furaha, bila hila yoyote usoni, kwamba Jumamosi kuna maonyesho kwenye ukumbi wa maktaba, kwamba walikuwa wamepungukiwa picha moja, na kwamba kwa kweli Gwiji hajawahi kuwa na kazi kama hii tangu ile ya mlangoni.

Cherehani alisema ile ni kazi yake ya chuo. Alisema ile si mizizi, ni mikono. Alisema imepinduliwa. Aliyasema yote matatu kwa mpangilio huo na kwa sauti yake ya siku zote, maana hakuwa na nyingine. Gwiji alikuwa ameketi kwenye kochi, anatazama zulia.

"Binti," alisema, "kwenye picha, jina ndilo linaloonyesha chini ni wapi."

Dada Mkubwa aliongeza kwamba hakuna atakayemnyima haki yake. Kwenye daftari wataandika kuwa alishiriki kutayarisha turubai, na kwamba ameosha brashi kwa bidii ya kupigiwa mfano. "Maana ukitazama," alisema, "turubai ni yetu, rangi ni yetu, jina ni letu. Chako ni kipi?"

Jibu lilimjia akiwa ngazini, kama majibu yote yanavyokuja: mkono. Lakini huwezi kurudi ngazi ishirini na mbili kusema neno moja. Akatembea hadi nyumbani kwa miguu, akiwa amechukua daftari lake, na njia nzima alihesabu brashi alizoosha, akashindwa, akaanza upya.

Mama alikuwa anapinda sketi ya sare ya shule. Alisikiliza hadithi yote mguu ukiwa kwenye kanyagio, hakuinua kichwa. Cherehani alisema hatarudi tena pale. Waichukue, waipachike wanavyotaka.

"Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi," alisema mama. "Jumamosi saa ngapi?"

"Saa tisa mchana. Mama, unaenda kufanya nini?"

"Si nimechorwa? Naenda kujiona."

Siku ya Ijumaa Cherehani hakwenda kazini. Alikata turubai kwenye gora lililobaki dukani, akaunga fremu ya mbao, akaivuta, akaibana kwa misumari midogo kutoka katikati kwenda pembeni kama alivyofundishwa, akaipaka nyeupe mara mbili. Ilikuwa ya ukubwa uleule. Kisha akafungua ukurasa wa kumi na mbili, akaandika kwa mkono wake: Mikono ya Mama, rangi ya mafuta kwenye turubai. Chini akaacha nafasi.

Ukumbi wa maktaba ulikuwa umejaa nusu. Wanawake watatu wasio na nyuso walikuwa kila ukuta, na katikati, peke yake chini ya taa, ilikuwa Mizizi ya Anga. Mkutubi mkuu, mama mwenye miwani ya mnyororo aliyekuwa mgeni rasmi, alisimama mbele yake akawaeleza watu kwamba hapa msanii ametuonyesha binadamu akitafuta mvua mbinguni. Watu wakatikisa vichwa. Gwiji alisimama kando, mikono mfukoni, amevikwa kilemba cha ukoka na anajua. Cherehani aliingia na turubai yake nyeupe kwapani. Mama alivaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe na miwani mipya ya hospitali. Alipita katikati ya watu akiomba radhi, akafika mbele ya picha, akainamisha kichwa kulia, kisha kushoto. Halafu akainua kidole chake cha shahada, chenye ukucha uliopasuka, akakiweka karibu na kile cha kwenye picha.

"Samahanini," alisema. "Mbona mmenipindua?"

Watu wengine walicheka, wakidhani ni mzaha. Mkutubi mkuu alimwendea, akamwambia kwa heshima kwamba kazi ya sanaa huonekana tofauti kwa kila mtu, na kwamba hii ni mizizi.

"Ni mimi, mama yangu," alisema mama. "Natunga uzi. Huyu ni binti yangu, alinikalisha Jumapili sita mpaka shingo ikanikaza." Akafungua mkoba wake, akatoa sindano yenye uzi mweusi, akaishika juu kwa vidole viwili. Uzi ukaning'inia chini, umenyooka. "Tazameni wenyewe. Uzi wa nani unaangukia juu?"

Kisha mkutubi mkuu akainamisha kichwa hadi miwani ikamtoka puani, na ukumbi mzima ukainama naye, vichwa thelathini na kitu vimelala begani kama vya ndege. Mtu mmoja nyuma akasema, "Lo, ni kweli, ni mikono."

Cherehani akaiegemeza turubai yake ukutani, akaitoa picha kwenye msumari, akaigeuza. Haikuweza kuning'inia, waya ulikuwa umefungwa upande wa pili. Kwa hiyo akabaki ameishika mwenyewe kifuani, mikono yake miwili kwenye fremu na mikono miwili ya mama yake katikati. Sahihi ya Gwiji ikawa juu, kichwa chini, ndani ya kile kipande cha vidole viwili kilichobaki cheupe.

Dada Mkubwa alikuja haraka, akamnong'oneza kwamba turubai ni mali ya studio.

"Turubai yenu ile pale," alisema Cherehani, akionyesha kwa kidevu. "Ni ileile, vipimo vilevile. Rangi nitaleta Jumatatu. Sasa mzee anitilie sahihi yangu."

Mama alikuwa ameshalifungua daftari na kulishikilia mbele ya Gwiji, na kalamu. Gwiji hakuitoa mikono mfukoni. Akamsogelea Cherehani, akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna mwingine aliyeisikia, "Jumatatu, binti. Asubuhi. Tafadhali."

Alielewa. Ilikuwa saa kumi kasoro, na mkono ule usingeweza. Kwa miezi mitatu alikuwa ameitunza siri ile kama yake, hata kwa mama hakuwahi kuisema, na kwa muda mfupi huruma ya zamani ilimrudia. Akalikumbuka neno "Funika". Akakumbuka "Tutaona". Akakumbuka kwamba kila Jumatatu asubuhi mkono huu uliosimama imara ulikuwa ukijiandikia kazi za watu ambazo hazijazaliwa.

"Leo, mzee," alisema. "Jumatatu huwa unasaini za kwako."

Gwiji akaitazama picha, ikiwa wima, kwa mara ya kwanza tangu aliposimama nyuma yake ikichorwa. Akaitazama sana, hasa ule ukucha. Kisha akatoa mkono. Kalamu iligonga karatasi mara mbili kabla ya kukaa. Herufi zilitoka zimepinda, zimekatika, mkia wa kishada ukawa kama njia ya siafu aliyetoka kwenye wino. Hakuna aliyecheka. Mama alisema, "Asante, baba," akalipuliza daftari likauke, ingawa kalamu ilikuwa ya kawaida tu.

Kaka Gundi aliwashikia mlango wakitoka na picha.

Siku ya Jumatano karani wa chuo alilifungua daftari, akafika ukurasa wa kumi na mbili, akasimama. Akavuta faili, akatoa barua ya Gwiji ya kumkubali Cherehani studio, akaviweka viwili kando kwa kando.

"Dada, sahihi hii si sahihi," alisema. "Hazifanani hata kidogo. Ulisaini wewe?"

Cherehani akaziangalia zote mbili. Baada ya yote, ile nzuri ndiyo iliyoaminiwa, na hii ya kweli ndiyo inashukiwa.

"Hiyo ya barua aliitia kabla hajaniona nikishika brashi," alisema Cherehani. "Hii aliitia baada ya kuiona kazi, mbele ya watu thelathini. Mpigie mkutubi mkuu. Na kazi yenyewe hii hapa."

Akaiweka picha juu ya meza. Karani akaivuta kwake, akaitazama, akakunja uso. Macho yake yakatafuta jina, yakalikuta kule juu limeinama, na mikono yake ikashika fremu pande zote mbili aigeuze ikae sawa.

Cherehani akamshika mkono.